Namna ya Kuandaa Mchoro wa Manusura wa Meli kwa Kufuata Hatua za Géricault

Mwaka 1819 Théodore Géricault alipeleka kwenye maonyesho ya Salon jijini Paris picha yenye kimo cha sm 491 na upana wa sm 716, ikionyesha manusura wa manowari ya Kifaransa iliyoitwa Méduse wakiwa juu ya chelezo baharini. Sisi tunaofundisha uchoraji huwaonyesha wanafunzi picha hiyo ikiwa imekamilika, kisha tunashangaa wanapokata tamaa kabla ya kushika brashi. Yenye mafunzo zaidi ni kazi iliyoitangulia, yaani makumi ya michoro ya kalamu, wino na rangi ambayo Géricault aliichora kabla na wakati wa kuishughulikia turubai kubwa. Katika michoro hiyo anaonekana akibahatisha, akikosea, akifuta na kuanza upya, na hapo ndipo mtu anapoweza kumfuata.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza mchoro mmoja wa maandalizi wa rangi ya mafuta, wenye ukubwa wa sm 24 kwa 35, pamoja na michoro midogo inayouzaa. Vipimo hivyo nimevichagua kwa sababu uwiano wake ni ule ule wa turubai ya Géricault, ambayo sasa ipo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Utahitaji karatasi nene, mkaa wa kuchorea, wino mweusi, kipande cha plaiwudi au hadibodi kilichopakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na kisha rangi nyeupe mara mbili, na rangi tano tu za mafuta: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia iliyokolea na nyeusi. Utahitaji pia vijiti vya mishikaki, uzi, plastisini, tochi moja, na kipande cha plastiki angavu kama kile cha kufunikia daftari.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba kila mchoro mdogo uulizwe swali moja. Mchoro unaoulizwa habari za mwili, mwanga na mpangilio kwa pamoja haujibu hata moja.

Hatua ya 1: Soma kisa kabla hujagusa mkaa

Méduse ilikuwa ikielekea Saint-Louis, Senegal, ambako Ufaransa ilikuwa inarudishiwa koloni lake na Waingereza. Nahodha wake, Hugues Duroy de Chaumareys, alikuwa mwungaji mkono wa ufalme ambaye hakuwa ameongoza meli kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 2 Julai 1816 meli ilipanda fungu la Arguin, mbele ya pwani ya Mauritania ya leo, na ikakwama. Mashua hazikutosha watu wote, kwa hiyo likaundwa chelezo la milingoti na mbao, lenye urefu wa mita 20 hivi na upana wa mita 7, na watu wapatao 147 wakapakiwa humo hadi maji yakawafika kiunoni. Mashua zilikusudiwa kulivuta chelezo hilo hadi nchi kavu, lakini baada ya mwendo mfupi kamba zikaachiwa.

Siku 13 zilipita. Biskuti ziliisha siku ya kwanza, ukabaki mvinyo. Watu waliuana usiku, wengine wakachukuliwa na mawimbi, na wengine wakala nyama ya wafu. Tarehe 17 Julai, meli iitwayo Argus ilipowaokoa, walikuwa wamebaki 15, na watano kati yao wakafa muda mfupi baadaye. Wawili katika waliobaki hai, daktari Henri Savigny na mhandisi Alexandre Corréard, walichapisha simulizi yao mwaka 1817, na Géricault hakuisoma tu, bali aliwatafuta wenyewe na kuwahoji.

Fanya kama alivyofanya. Andika kwenye karatasi mambo yanayoshikika: maji kiunoni, pipa, mlingoti, hema la tanga, mikanda ya chuma ya mapipa iliyonyooshwa na kufungwa leso za rangi mbalimbali ili kupungia meli. Maneno kama "huzuni" na "matumaini" yasiingie kwenye orodha hiyo, kwa kuwa huwezi kuyatolea kivuli. Orodha yangu ya kwanza kabisa ilijaa maneno ya namna hiyo, na mchoro uliotokana nayo ulikuwa wa watu walioshika vichwa.

Hatua ya 2: Chagua tukio kwa michoro mitano ya dakika kumi

Géricault alijaribu matukio kadhaa ya kisa hiki. Alichora uasi wa usiku, panga zikiwa juu. Alichora watu wakila maiti. Alichora mashua ya uokoaji ikikaribia na manusura wakiinyoshea mikono. Mwishowe alirudi kwenye tukio dogo zaidi, lile ambalo Argus imeonekana kwa mbali sana na haijulikani kama imewaona wao. Simulizi ya Savigny na Corréard inasema kwamba asubuhi ile meli ilionekana, wakapunga karibu nusu saa, ikapotea. Wakajilaza chini ya hema wakisubiri kufa, na saa mbili baadaye ikatokea tena ikiwajia.

Chukua wino na karatasi tano za ukubwa wa kiganja. Chora matukio matano tofauti, kila moja kwa dakika kumi, bila nyuso wala vidole, watu wakiwa mafungu ya weusi tu. Yapange ukutani, kisha urudi nyuma hatua nne. Swali la hatua hii ni tukio lipi linalomfanya mtazamaji asijue kitakachofuata. Uasi una majibu tayari, kwa sababu huyu anapiga na yule anaanguka. Mashua ya uokoaji nayo ina jibu lake, kwamba wamepona. Tukio la Argus halina jibu, na ndiyo maana linaweza kubeba turubai ya mita saba bila kuchosha. Ukichagua tukio jingine sitagombana nawe, ila uwe na sababu inayosemeka kwa sentensi moja.

Hatua ya 3: Jenga chelezo juu ya meza

Seremala wa Méduse, aliyeitwa Lavillette na ambaye alikuwa miongoni mwa manusura, alimtengenezea Géricault mfano mdogo wa chelezo lenyewe, na mchoraji akapanga juu yake vijitu vya nta. Hatua hii wanafunzi huiruka kwa kuona ni mchezo wa watoto, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Kwa kipimo cha 1 kwa 50, chelezo la mita 20 kwa 7 linakuwa sm 40 kwa 14, na mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na sm 3.4. Funga vijiti vya mishikaki kwa uzi, vya chini vikikaa urefu na vya juu vikipita kwa upana, ukiacha nafasi zisizolingana kati yao, kwa kuwa chelezo la dharura halina fundi wa kupima. Simika mlingoti mmoja, tundika kipande cha kitambaa kiwe tanga, kisha finyanga watu 15 hadi 20 wa plastisini. Usihangaike na sura. Mgongo ukijulikana kuwa umeinama au umenyooka, inatosha.

Zima taa zote za chumba na uwashe tochi moja tu, ukiiweka upande mmoja na juu kidogo. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili darasani niliacha taa ya dari inawaka, na kila kijitu kikawa na vivuli viwili vinavyopishana. Wanafunzi walivichora vyote kwa uaminifu, na tulipoteza alasiri nzima tukijiuliza kwa nini chelezo letu linaonekana liko ukumbini badala ya baharini.

Hatua ya 4: Amua jicho liko wapi

Inama hadi jicho lako liwe sawa na vijitu: wote wanaangukia kwenye mstari mmoja wa upeo wa macho, na maiti za mbele zinawaziba wengine. Simama wima: sasa unaona chelezo kama mkeka uliotandazwa, na hakuna anayeinuka kuelekea anga. Mahali sahihi pako katikati, ambapo upeo wa macho unapita juu ya vichwa vya walio wengi na kuwaacha wachache tu waliopanda juu wauvuke. Katika picha ya Géricault sisi tunawatazama chini wafu walio ukingoni, kisha macho yanapanda kidogo kidogo kupitia waliokaa, waliopiga magoti na wanaosimama, hadi kwa mtu aliyesimama juu ya pipa akipunga kitambaa. Mtu huyo, askari Mwafrika aitwaye Jean Charles, ndiye aliye juu kuliko wote, na kumweka hapo mwaka 1819, wakati biashara ya utumwa ikiwa bado mjadala mkali Ufaransa, kulikuwa na uzito wake.

Ukiangalia vizuri utaona pembetatu mbili zinazopandana. Ya kwanza inajengwa na mlingoti na kamba zake, na ya pili inajengwa na miili hadi kufikia mkono unaopunga. Tanga limejaa upepo, na upepo huo unalisukuma chelezo kwenda kinyume na upande ilipo meli. Kwa hiyo watu wanakwenda huku na chelezo linakwenda kule. Weka mvutano huo kwenye mfano wako kwa kulisogeza tanga hadi uuone, kisha chora kwa mkaa mistari minne tu: upeo wa macho, mlingoti, ukingo wa karibu wa chelezo, na mstari unaopanda kwenye miili. Mistari hiyo minne ndiyo mifupa ya mchoro wako, na chochote utakachoongeza kikiivunja, kiondoe.

Hatua ya 5: Chora watu mmoja mmoja, kutoka kwa watu halisi

Vijitu vya plastisini vimemaliza kazi yao. Kuanzia sasa unahitaji watu wa kukukalia, na kila mmoja atachorwa peke yake kwenye karatasi yake, chini ya mwanga wa upande ule ule ulioamua mezani.

Géricault alitumia marafiki na watu wa kulipwa. Kijana Eugène Delacroix, kabla hajajulikana kama mchoraji, alilala kifudifudi na mkono umenyoshwa, akawa mmoja wa wafu walio mbele. Joseph, mtu kutoka Saint-Domingue (Haiti ya leo) aliyeishi Paris kwa kazi ya kukalia wachoraji, alichorwa mara kadhaa, na mchoro wake mmoja wa rangi ya mafuta upo leo katika jumba la makumbusho la Getty, Marekani. Savigny, Corréard na Lavillette walichorwa wao wenyewe. Corréard yupo karibu na mlingoti, akinyosha mkono kuelekea meli huku amemgeukia Savigny. Rafiki mwingine wa Géricault, Lebrun, alipougua ugonjwa wa manjano, mchoraji alimwona mzuri mno kwa kuchora, jambo ambalo huenda mgonjwa mwenyewe hakulifurahia sana.

Mpange mtu wako, mpe muda wa kupumzika kila baada ya dakika 15, na umlipe. Anza na uti wa mgongo kwa mstari mmoja, kisha mstari wa mabega na mstari wa nyonga, ukiangalia kama mistari hiyo miwili inakwenda sambamba au inapishana. Kwa mtu aliyechoka inapishana karibu kila mara, kwa kuwa uzito wote umeachiwa upande mmoja.

Mtu aliyenifundisha mengi kuhusu mikao hii ni mvuvi mzee aliyekubali kunikalia. Nilimwomba asimame apunge kama anayeita mashua. Aliinua mkono, kisha akaushusha, akaniuliza, "Mwanangu, huyu unayemchora amekaa majini siku ngapi?" Nikamjibu, "Siku 13, mzee." Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mashua yao iliwahi kupinduka, wakashinda wakiwa wameshikilia ubavu wake hadi jioni, na mtu wa hali hiyo hapungi kwa mkono, kwa sababu mkono umekwisha. Hupunga kuanzia kiunoni, mwili mzima ukiyumba, na mwenzake humshika mapaja asianguke. Akanionyesha. Nyonga ilitangulia, mbavu zikafuata, mkono ukaja mwisho kama kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Siku ile nilichana michoro sita.

Rudi sasa kwenye picha ya Géricault uone jinsi Jean Charles anavyoshikwa na wenzake kwa chini. Ninawashauri wanafunzi kila anayesimama ashikwe na mtu, na kila anayelala aguse mtu. Mikono inayogusana ndiyo inayounganisha michoro yako ya mmoja mmoja kuwa kundi, vinginevyo utakuwa na watu 15 waliokutana kituoni.

Jambo moja litakusumbua: manusura wa Géricault wana misuli. Watu waliokaa siku 13 bila chakula, ngozi zikiwa zimeunguzwa na jua na chumvi, wasingekuwa na vifua vile. Alilelewa katika shule iliyowaabudu Michelangelo na masanamu ya kale, na alitaka miili iliyo na nguvu ya kubeba turubai ile. Mimi siridhiki na uamuzi huo, na katika michoro yangu huacha mbavu zionekane. Jaribu njia zote mbili kwenye karatasi mbili, mtu yule yule na mkao ule ule, kisha uone ipi inaweza kusomeka ukiwa mbali.

Hatua ya 6: Mikono, miguu na mpaka wa utafiti

Katika studio yake ya Faubourg du Roule, karibu na hospitali ya Beaujon, Géricault aliwachora wagonjwa waliokuwa wakifa, akapata viungo vya maiti na kuviweka hadi vikaoza ili aone rangi zinavyobadilika. Michoro ya viungo hivyo ipo Montpellier, Ufaransa, katika jumba la makumbusho la Fabre, na vichwa vilivyokatwa vipo Stockholm. Ni kazi za kutisha na nzuri kwa wakati mmoja. Usimfuate huko. Mwombe ndugu yako ruhusa, umchore mikono na miguu akiwa amelala usingizi mzito mchana. Kifundo kilicholegea na vidole vilivyojikunja nusu vitakupa yote unayoyahitaji, na heshima ya wafu itabaki mahali pake.

Hatua ya 7: Tandaza mwanga, kisha rangi

Hamishia mpangilio kwenye kipande chako cha sm 24 kwa 35 kwa mkaa, puliza vumbi, halafu pitisha mistari kwa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Acha ikauke. Finya macho hadi uone ngazi tatu tu, yaani giza, kati na mwanga, na uzipake kwa brashi pana. Giza lipewe zaidi ya nusu ya eneo. Mwanga uweke kwenye ngozi za watu wachache walio kwenye mstari unaopanda, pamoja na kipande cha anga kilicho nyuma ya anayepunga.

Kwa rangi ya ngozi changanya manjano ya udongo na nyeupe, ukipooza kwa nyeusi kidogo. Nyeusi ikikutana na manjano hutoa kijani hafifu, nayo ndiyo rangi ya mtu aliyeishiwa damu. Nyekundu ya udongo itumie mahali pamoja au pawili tu, kama vile kwenye kitambaa cha mzee anayemkumbatia kijana aliyekufa.

Jihadhari na kahawia yoyote yenye lami. Ikiwa mbichi hung'aa na huvutia, lakini haikauki sawasawa. Picha ya Louvre imeendelea kuwa nyeusi na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na lami hutajwa mara kwa mara kuwa chanzo. Hali ilitia wasiwasi kiasi kwamba mwaka 1859 na 1860 wachoraji Guillemet na Ronjat walitengeneza nakala ya ukubwa ule ule, ambayo ipo katika jumba la makumbusho la Picardie huko Amiens, Ufaransa.

Hatua ya 8: Punguza meli

Hadi hapa hujachora Argus. Weka plastiki angavu juu ya mchoro uliokauka, na juu ya vipande vitatu tofauti chora meli tatu: moja ya urefu wa sm 3, moja ya sm 1, na moja ya mm 2. Telezesha kila moja juu ya upeo wa macho, upande wa kulia, ukisimama hatua nne nyuma.

Meli ya sm 3 inakuwa mhusika mkuu. Macho yanakwenda kwake na watu wanageuka wapokezi wa wageni. Ya sm 1 inatoa habari njema kimyakimya. Ile ya mm 2 mtazamaji haioni mara ya kwanza. Anawaona watu wakipunga, anatafuta wanachokipungia, na kwa dakika nzima yuko pamoja nao chelezoni. Katika michoro ya awali ya Géricault meli ilikuwa kubwa na karibu zaidi, akaipunguza hatua kwa hatua hadi kwenye turubai ikabaki kama doa. Mimi huipaka kwa ncha ya kijiti cha meno, doa moja la kijivu ambalo tofauti yake na anga ni ndogo sana, na huwa ndiyo rangi ya mwisho kugusa mchoro.

Hatua ya 9: Gawa vyumba na ukuze

Mchoro ukikauka, funga nyuzi juu yake kwa safu 7 za sm 5 kwa upana na safu 4 za sm 6 kwa kimo, upate vyumba 28. Kwenye turubai ya sm 96 kwa 140 chora vyumba 28 vya sm 20 kwa 24, kisha hamisha chumba baada ya chumba, ukianza na kile chenye mkono unaopunga. Géricault, kwa maelezo ya waliomwona akifanya kazi, alichora mistari ya nje moja kwa moja juu ya turubai nyeupe, kisha akawapaka watu mmoja mmoja kwa brashi ndogo na mafuta mazito yanayokauka haraka, akimmaliza huyu kabla ya kumgusa yule. Anayeanza asijaribu njia hiyo, kwani kosa la mtu wa kwanza hugunduliwa unapofika kwa mtu wa kumi. Tandaza kwanza ngazi zako tatu za mwanga kwenye turubai nzima, utundike mchoro mdogo kando yake kwenye usawa wa macho, na usiuuze wala kumpa mtu hadi picha kubwa itoke studio.